Gari ya babu imelala uani: njoo nasi, na anza na wanaoikumbuka

Assalaam alaykum wana jukwaa.

Mdogo wetu wa Mtoni ameuliza hapo juu. Amerithi Morris Minor, gari ndogo ya Kiingereza ya zamani, ya babu yake. Imesimama uani tangu yeye yuko skuli ya msingi, tairi hazina upepo, kadi ya usajili haionekani, na kuku wanataga kiti cha nyuma. Anaona picha za watu wenye gari za zamani wakikutana Maisara, hapa mjini Unguja, alasiri za Jumapili, na anauliza mambo mawili: mwenye gari ya hali ile anapokewa? Na je, atafute fundi kwanza, aitengeneze, ndipo ajitokeze?

Nimesoma majibu ya wenzangu wanaomwambia atafute fundi mzuri, aweke fedha pembeni, aje ikiwa tayari. Ni watu ninaowaheshimu, lakini mimi nampa jibu jingine. Mdogo wangu, njoo sasa hivi, hata kwa miguu. Na kabla fundi hajashika spana, kaa kitako na watu wanaoikumbuka gari hiyo. Nitaeleza kwa nini, na itakuwa ndefu kidogo, maana jambo lenyewe nalipenda.

Mimi nilipoanza kwenda Maisara sikuwa na gari ya aina yoyote. Nilikuwa natoka Kikwajuni kwa miguu, nafika, natoa salamu, nasimama pembeni natazama. Nilichokuwa nacho ni kumbukumbu ya Bedford ya baba, na hiyo haipo tena duniani. Baba alikuwa dereva wa gari ya abiria kule Pemba, njia ya Wete na Chake. Wenye umri wangu wanazijua gari zile: kichwa cha lori, nyuma bodi ya mbao iliyopigwa na seremala, mabenchi marefu, madirisha hayana vioo ila turubai la kushusha mvua ikija. Juu ya dari magunia ya karafuu, baiskeli, mapakacha ya maembe, na siku za skukuu hata kitanda cha kamba. Njia ya zamani ya Wete ilikuwa milima na kona tupu. Kwenye mlima mkali utingo alikuwa akining'inia mlangoni na kabari ya mti mkononi, gari ikizidiwa anaruka chini anaitia nyuma ya gurudumu ili isirudi.

Siku moja mzee mmoja akaniona nimesimama, akaniuliza, "Wewe kijana, ya kwenu ilikuwa gari gani?" Nikamwambia Bedford, ya abiria, Wete. Nilidhani maneno yataishia hapo. Akaanza kunihoji. Pua ndefu au uso bapa? Nikasema pua ndefu. Ikipandiwa nyuma au ubavuni? Nyuma. Juu ya kioo imeandikwa nini? Nikafikiri kidogo, nikaziona herufi, nyeupe juu ya kijani: Tawakal. Yule mzee akapiga goti lake kwa kiganja akasema, "Basi utingo wake yuhai, anakaa Jang'ombe."

Alinipeleka mwenyewe. Nilikaa na yule utingo baada ya Magharibi mpaka usiku mwingi. Alinieleza baba yangu alivyokuwa kabla sijazaliwa: kwamba alikuwa akisikiliza gia kwa mguu, hakanyagi klachi mpaka injini ishuke sauti anayoitaka. Kwamba mgonjwa akipandishwa kwenda hospitali ya Chake, nauli haichukuliwi, wala ya anayemsindikiza. Kwamba msimu wa karafuu walikuwa wakianza safari kabla ya Alfajiri na kuswali njiani. Baba mwenyewe hakuwahi kunisimulia hata moja katika hayo. Nilikwenda Maisara kutazama bodi na rangi, nikapata habari za mzee wangu.

Kwa hivyo ukiniuliza nini kinachomfanya mtu awe mwenzetu, nitakwambia ni kuwa na gari moyoni na kuwa tayari kuisema. Wako tunaokaa nao ambao gari zao ziliuzwa chuma chakavu zamani. Wengine walikuwa abiria tu. Yupo bwana mmoja ambaye hajapata kumiliki hata baiskeli, lakini alikuwa akiosha gari za teksi Darajani akiwa mtoto, na akisikia injini nyuma yake anakwambia hiyo ni Pijo (Peugeot) au Austin bila kugeuka.

Sasa nije kwenye fundi. Nasema kumbukumbu kwanza kwa sababu ya kazi yenyewe ya chuma, mbali na mapenzi. Visiwa vyetu vimepita miaka mirefu ya uhaba. Spea hazikuja, vitabu vya gari vililiwa na mchwa, karatasi nyingi zimepotea. Habari za gari hizi zimebaki kwenye vichwa vya watu, na vichwa hivyo vinazeeka. Kila dereva mkongwe tunayemzika, tunazika pamoja naye jinsi ya kurekebisha kitu fulani.

Morris niliyonayo sasa niliipata kwa familia moja ya Mwembetanga. Walitaka kujenga chumba pale iliposimama. Mwenyewe alikwishafariki, mjane wake yuko. Watu wa nyumba walinionesha gari, wakanipa ufunguo, wakataka niiondoe siku ile ile. Nikaomba kwanza nikae na bi mkubwa. Wanawe wakashangaa kidogo: mama hajui kuendesha, atakwambia nini? Bi mkubwa akaniambia, "Mimi gari siijui. Najua tu kila akija fundi wa umeme, marehemu alikuwa akipiga kelele kutoka barazani: nyekundu bodini! Nyekundu bodini!"

Asiyezijua Morris atayaona maneno ya mzee mkali tu. Gari za leo karibu zote, waya hasi wa betri ndio unaofungwa kwenye bodi. Morris Minor ilitoka kiwandani kinyume chake, chanya ndiyo inayokwenda bodini. Kijana wa umeme niliyemchukua alikuwa ameshatayarisha waya kwa mtindo wa gari za sasa, kama anavyofanya kila siku, na hana lawama. Ndani ya dashibodi mlikuwa na redio ya zamani. Umeme ukiingizwa kinyume redio kama ile huungua mara moja. Leo redio ile inasema, nami nikisikiliza taarifa ya habari ndani ya Morris namuombea dua bi mkubwa. Yeye ndiye aliyenionesha pia kadi ilipo. Haikuwa kwenye gari wala kwenye kabati la vyombo vya gari. Ilikuwa kwenye bahasha moja na karatasi za nyumba. Wewe wa Mtoni, kadi yako itafute huko kwanza, kwenye mambo ya nyumba na nikaha.

Ujumbe wangu hapo usiupite haraka. Tunapozungumza kumbukumbu za gari tunawakimbilia wanaume walioshika usukani, na mabibi zetu tunawaacha jikoni. Nao ndio waliokaa kiti cha nyuma miaka thelathini. Wanajua rangi ya kwanza kabla haijapigwa ya pili. Wanajua nani alipelekwa kuolewa na gari ile, nani alizaliwa njiani kabla ya kufika hospitali ya Mnazi Mmoja, mlango gani ulikuwa hauaminiki. Bibi yako akiwa hai, huyo ndiye fundi wako wa kwanza.

Jambo la pili lililoniokoa lilitoka kwa mzee aliyekuwa dereva wa teksi. Aliiona Morris yangu siku ya kwanza ilipotembea, akainama kwenye gurudumu la mbele kabla hata ya kusalimia. Akauliza, "Grisi lini?" Pale mbele, chini ya kila gurudumu, kuna kiungo chenye meno kama parafujo, ndicho kinachobeba gari na kuliachia gurudumu lipinde kona. Kikikosa grisi meno yanalika taratibu, huoni kitu, husikii kitu, mpaka siku moja unakata kona na gurudumu linalala kifudifudi. Ndiyo ila mashuhuri ya Morris Minor duniani kote. Pale pana chuchu za grisi, na madereva wa teksi wa zamani walikuwa hawaziachi. Vijana wetu wa gereji wamekulia kwenye gari ambazo hazina kitu cha kutiwa grisi pale, hawaziangalii kabisa. Usiiendeshe ya babu hata mpaka msikitini kabla ya kukagua hapo.

Pamoja na hayo, kumbukumbu lazima ioneshwe chuma. Wazee wetu ni wakweli, lakini miaka huchanganyika. Wako wanaoapa kwamba gari yao ni ya mwaka 1953 na ukiitazama ina kioo cha mbele kimoja kilichopinda. Haiwezekani. Morris Minor ilianza kutengenezwa 1948, na mpaka 1956 kioo cha mbele kilikuwa vipande viwili vyenye ufito katikati. Mwaka 1956 ikaja ile iliyoitwa Minor 1000, kioo kimoja, injini ya sentimita za ujazo 948. Vile vimikono vya indiketa vinavyochomoka kwenye nguzo ya mlango, ambavyo watoto tulikuwa tukivishangilia, viliondolewa 1961 vikaja vya taa za kumeta. Injini ya 1098 ikaja 1962. Utengenezaji ukamalizika mwanzoni mwa miaka ya sabini, zikiwa zimetoka zaidi ya milioni moja na nusu. Kwa hivyo wewe peke yako, bila ya fundi, unaweza kusimama mbele ya gari ukajua imezaliwa baina ya miaka gani. Angalia lakini kama milango au kioo kimebadilishwa, maana visiwani hapa gari moja ilikuwa ikila nyingine.

Halafu kuna kile kibati chenye namba, ndani ya boneti, kwenye ukuta unaotenganisha injini na miguu ya dereva. Kisugue kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, usitumie msasa. Uingereza kuna makumbusho ya magari, British Motor Museum, mahali panapoitwa Gaydon, wanakohifadhi madaftari ya viwanda vya zamani. Ukiwapelekea namba na kulipa ada wanakutolea cheti kinachosema siku gari ilipotengenezwa, rangi yake ya asili na ilikopelekwa. Mwenzetu mmoja alibishana na kaka yake miaka juu ya rangi ya gari ya baba yao. Cheti kilipokuja wote wawili walikuwa wamekosa, na shangazi yao alikuwa amepata.

Jambo jingine ambalo kumbukumbu pekee itakupoteza ni petroli. Mzee atakwambia injini hii nilikimbia nayo miaka haijafunguliwa kichwa. Ni kweli, lakini petroli ya wakati wake ilikuwa na madini ya risasi ndani, na ile risasi ilikuwa ikilinda siti za vali, yaani pale vali zinapokalia. Petroli hiyo iliondolewa katika nchi zetu, Kusini mwa Sahara yote, mwanzoni mwa mwaka 2006. Siti za vali za injini kama ya Morris ni za chuma laini. Ukiiendesha sana na kwa kasi kwa petroli ya leo, vali zinazama kidogo kidogo na nguvu inapotea. Ukifungua kichwa cha injini kwa sababu yoyote, mwambie fundi atie siti ngumu. Kama utakuwa unatembea mjini tu, Malindi na Vuga, polepole, huna haraka hiyo.

Maisara penyewe usitarajie utulivu. Kahawa ikishapita na kashata, huanza zogo, na zogo kubwa ni la Pijo na Datsun. Wenye Peugeot 404 wanakukumbusha Safari Rally, yale mashindano ya magari ya Afrika Mashariki, na hapo wana haki: 404 ilishinda 1963, ikashinda tena mfululizo 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963 ziliondoka gari 84 zikamaliza 7. Mwaka 1968 matope yakarudia hivyo hivyo, ziliondoka 93 zikamaliza 7. Rally ile haikufika visiwani, ilikuwa Kenya, Uganda na Bara, na huku watu waliifuata redioni. Wazee wanaweza kukutajia gari iliyokwama ilikwama wapi, mahali ambapo hawajapata kupakanyaga. Wa Datsun watajibu kwa 1970 na 1971. Utasikia. Mimi ni mtu wa Pijo, nasema wazi. Injini imelazwa ubavu, gia iko kwenye usukani, na kwa barabara zetu za mashamba za enzi zile hapakuwa na gari iliyobeba watu wengi kwa upole zaidi.

Kuna jambo moja naomba ulichukue kwa uzito. Gari nyingi za rika hilo zilibadilisha mikono mwaka 1964, mwaka wa Mapinduzi, na miaka iliyofuata. Kuna walioondoka na kuziacha, kuna waliopewa, kuna walionunua kwa aliyepewa, na kuna waliozikabidhi kwa jirani wazitunze na hawakurudi. Nyuma ya boneti moja inaweza kuwapo huzuni ya nyumba mbili. Ukikaa na mzee usianze kwa "hii ilikuwa ya nani kabla yako?" mbele za watu. Muulize safari, muulize mizigo, muulize barabara. Kama ana la kusema juu ya siku zile atalisema mwenyewe, na pengine si siku ya kwanza. Na akikwambia hili usiliweke jukwaani, usiliweke. Usimrekodi sauti bila ya ridhaa yake, hata kama simu unayo mkononi na unaona aibu kuomba. Sisi tumepata kusikia mambo makubwa pale Maisara, na yamebaki pale pale.

Ukitaka kujua mwaka, usimuulize mtu mwaka. Muulize jambo lilitokea kabla au baada ya nini. Kabla ya Mapinduzi? Kabla ya kuuawa Mzee Karume, yaani kabla ya Aprili 1972? Wakati wa vita vya Kagera? Majumba ya Michenzani yalikuwa yamesimama? Mtu asiyekumbuka tarehe hata moja atakwambia bila ya kusita, "Tulipita Michenzani wakati wanachimba msingi." Hapo umeshapata mahali pa kushika. Andika namba ya gari, njia iliyokuwa ikienda, jina la dereva na utingo, maneno yaliyoandikwa bodini. Hilo la mwisho hupuuzwa, nalo ndilo lililonipatia utingo wa baba.

Tuje kwenye kutu, maana hapa ndipo gari za visiwani zinapofia. Upepo wetu una chumvi, kaskazi na kusi, hakuna msimu wa salama. Morris Minor haina chesisi ya peke yake kama Land Rover au Bedford. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba kila kitu. Kwa hivyo kutu ya sakafu na ya vizingiti vya milango si uchafu wa kufunikwa na puti na rangi, ni mifupa ya gari inayoliwa. Chukua bisibisi, lala chini, gonga vizingiti kwa ndani, gonga pale springi za nyuma zinaposhikia, gonga pembe za sakafu chini ya miguu ya dereva. Panapolia kavu ni pazima. Bisibisi ikiingia, weka alama kwa chaki na usikate tamaa. Bati linakatwa na kuchomelewa jipya, na tunao wachomeleaji wanaojua kazi hiyo vizuri kuliko wanavyosifiwa.

Nakuomba uiondoe juu ya udongo leo. Weka mbao au mawe bapa chini ya magurudumu. Ardhi yetu ya mawe ya chokaa hushika unyevu, na jasho hilo hupanda sakafuni usiku kucha. Ondoa turubai la plastiki kama limefunikwa nalo. Plastiki inazuia mvua lakini inafungia unyevu ndani, na gari iliyofunikwa hivyo huoza haraka kuliko iliyoachwa wazi chini ya mwembe. Banda la makuti lenye kupitisha hewa ndilo dawa. Kuku watoe kwa upole, kisha safisha kinyesi chao mpaka chini ya zulia, maana nacho kinakula bati.

Injini usiivute kwa gari nyingine ili iwake. Najua utapata rafiki mwenye kamba na haraka. Toa plagi, tia mafuta ya injini kidogo katika kila silinda, iache siku kadhaa. Kisha izungushe kwa hendeli, kwa mkono, polepole, plagi zikiwa nje. Ikikataa, usiilazimishe, tia tena, subiri. Mwaga petroli ya zamani yote, hata ile iliyo ndani ya kabureta. Ukifungua swichi utasikia pampu ya petroli inagonga kwenye ukuta wa injini, tik tik tik, kisha inanyamaza: hiyo ni nzima. Ikigonga bila ya kunyamaza, petroli haifiki au inavuja, na ufunge swichi mara moja. Breki ndizo za mwisho na ndizo ngumu. Silinda kuu imefichwa chini ya sakafu upande wa dereva, watu wengi hawaijui iko wapi, na baada ya miaka mingi mafuta ya breki yanakuwa yameshaingia maji. Hiyo muachie fundi, na umuoneshe mahali.

Swali la injini nalo litakuja. Huenda ukifungua boneti ukakuta babu alifunga injini ya Datsun au ya Toyota. Wako watakaokwambia hiyo si Morris tena, uitoe, utafute ya asili. Mimi napinga, na nitaendelea kupinga pale Maisara mpaka wanichoke. Babu yako alikuwa na gari wakati hakuna gasketi wala pistoni katika kisiwa kizima, na alikuwa na watoto wa kupeleka skuli na mgonjwa wa kupeleka hospitali. Alichofanya ni ustadi, na ustadi ule ni wa kwetu. Morris iliyotunzwa Uingereza kwenye gereji ya joto inapendeza, lakini haina habari hiyo. Ya babu inayo. Mtafute fundi aliyeifunga injini ile, kama yuhai, umuulize alipata wapi mabano ya kuishikia na aliunganishaje gia. Ukishajua, ndipo uamue kuitoa au kuiacha.

La mirathi sitalirefusha. Gari ya babu ni ya warithi wote mpaka waseme vingine. Pata ridhaa yao kwa maandishi kabla hujatumia hata shilingi, ndipo uende kwa wanaosajili gari. Nimeona undugu ukiharibika kwa Morris ambayo ilikuwa haina thamani mpaka siku ilipopigwa rangi.

Najua utauliza gharama pia. Siwezi kukutajia kiasi bila ya kuiona, na anayekutajia kwa picha usimsikilize. Nitakwambia tu kwamba spea za Morris zinapatikana kuliko unavyodhani, maana Uingereza bado zinatengenezwa mpya, na sisi huagiza kwa pamoja ili kugawana usafirishaji. Hiyo ni faida moja ya kuwa na wenzako. Faida nyingine ni vifaa: mimi nina bomba la grisi, mwengine ana jeki ya maana, mwengine ana banda. Na ukishafika barabarani huendi peke yako. Tunapokwenda Bungi, ile barabara yenye safu ya miembe ya Bi Khole, binti wa Sultani wa zamani, hakuna anayeachwa nyuma. Mmoja akisimama tunasimama sote, na hapo ndipo nimejifunza ufundi mwingi.

Mdogo wangu, wiki hii nifanyie haya. Piga picha tatu uziweke hapa: kioo cha mbele, nguzo ya mlango upande wa dereva, na kibati cha namba ndani ya boneti. Ficha tarakimu mbili za mwisho za namba, jukwaa ni la watu wengi. Kutokana na hizo tutakwambia ni ya miaka gani na injini iliyotoka nayo ni ipi. Kisha muulize bibi, au yeyote mkubwa nyumbani, gari iliitwaje na ilikuwa ikienda wapi siku za skukuu. Akiweza kutoka, mlete Jumapili baada ya Laasiri. Upande wa miti kuna kivuli, kiti tutamtafutia, na yupo mzee mmoja wa Mtoni pale ambaye nina hakika ataijua gari yenu kwa rangi tu.